Mageti Yaliyobaki Kandokando ya Reli

Ukimuuliza kijana wa bodaboda pale Buguruni, Dar es Salaam, habari za reli ya zamani, atakwambia imeshastaafu. "Si kuna SGR siku hizi," atasema, akimaanisha reli mpya ya umeme, huku anapitisha pikipiki juu ya vyuma bila kugeuza shingo kulia wala kushoto. Jibu hilo nimelisikia kwa madereva, kwa wachuuzi, hata kwa watu wazima waliozaliwa mita chache kutoka relini, na ndilo lililonitoa nyumbani. Nilitaka kuifuata njia hiyo kutoka Stesheni hadi vilima vya Pugu, kisha nipande treni ya umeme niingie mkoa wa Pwani, nione kimebaki nini pale ambapo reli mbili zinapita bega kwa bega na watu wanaishi kandokando yake.

Nilianza Stesheni asubuhi na mapema. Jengo jipya, lililochorwa kwa mfano wa jiwe la tanzanite, liling'aa kwa vioo vyake, na abiria wa Morogoro na Dodoma walikuwa wanapita ukaguzi na mabegi yao. Jirani yake ndipo ilipoanzia reli ya kati. Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905. Mwaka 1907 ilikuwa Morogoro, mwaka 1912 Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Upana wake kutoka chuma hadi chuma ni milimita 1,000, wakati wa SGR ni milimita 1,435. Ukiongeza TAZARA, reli ya kwenda Zambia, yenye milimita 1,067, Dar es Salaam inakuwa jiji lenye reli za vipimo vitatu, na treni ya moja haiwezi kukanyaga nyingine. Ndiyo maana reli mpya ilipokuja haikuweza kuchukua nafasi ya ile ya zamani juu ya tuta lilelile. Ilibidi ijengewe njia yake, na ile ya zamani ikaachwa palepale ilipokuwa.

Kabla ya hapo lilitokea jambo jingine ambalo wengi tumelisahau. Oktoba 2012 treni za abiria wa mjini zilianza safari kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Wananchi wakaziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Baadaye safari zikafika hadi Pugu. Njia iliyozoea treni za mizigo na za kwenda bara ikaanza kupitisha watu wa kazini asubuhi na jioni, katikati ya mitaa iliyojengwa ikabanana. Kila mahali barabara ilipokata reli pakahitaji mtu, au geti, au vyote viwili. Miaka michache baadaye, Aprili 2017, likawekwa jiwe la msingi la SGR, na tarehe 14 Juni 2024 abiria wakaanza kwenda Morogoro kwa umeme. Macho ya nchi yote yakahamia huko. Ni haki yake, kwa maana kazi ile ni kubwa na mimi ni mmoja wa wanaoifurahia. Lakini vivuko vya reli ya zamani vilibaki chini, na nchi ilikuwa inatazama juu.

Na kweli ni juu. Kutoka Stesheni, SGR hupita juu ya nguzo kwa zaidi ya kilomita mbili, kwa hiyo mjini haigombani na gari wala mguu wa mtu. Chini, reli ya mita moja inaendelea kukutana na barabara uso kwa uso. Sikutembea juu ya tuta lenyewe, maana ni hatari na hairuhusiwi. Nilishika barabara za mitaa, nikikata kuelekea relini kila nilipoona bango au kibanda.

Kivuko cha kwanza kilichonisimamisha kilikuwa hai. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya kibanda cha bati, bendera mbili zimekunjwa mapajani, nyekundu na kijani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea au unatafuta mtu?"

Nilimweleza ninachotafuta. Akacheka kidogo, akanisogezea ndoo iliyofunikwa mfuniko niketi. Kazi yake, alisema, ni kupokea simu ya stesheni, kutoka na bendera, kuvuta mnyororo upande huu, kukimbia kuvuta upande wa pili, na kuvumilia matusi ya wenye haraka. Lakini alitaka nione kitu kingine. Alichukua kipande cha nondo chenye ncha bapa, akanipeleka mpaka kwenye vyuma, akainama.

Kati ya reli na lami huachwa mfereji mwembamba, upana wa vidole vitatu hivi. Ukingo wa gurudumu la treni hupita humo. Magari yakipita siku nzima huusukumia mchanga, kokoto, vifuniko vya soda na maganda ya miwa, kisha huushindilia hadi uwe mgumu kama sakafu. Mfereji ukijaa namna hiyo, gurudumu linaweza kupanda juu na behewa likaacha njia. Mama yule aliukwangua kwa nondo yake, hatua kwa hatua, akifukua udongo mweusi wenye mafuta, akausukuma pembeni kwa kandambili. Upande mmoja ulipokwisha alihamia wa pili. Kazi ile hufanyika kila asubuhi, na sidhani kama kuna dereva hata mmoja anayepita pale anajua kwamba inafanyika.

"Treni ya mizigo haina ratiba ya kukwambia wewe," alisema alipokuwa ananyoosha mgongo. "Ikija, imekuja."

Nilipoaga nilikuwa nimeelewa kwamba kivuko cha reli ni kazi ya kila siku kabla hakijawa chuma na lami. Mtu akiondoka, baada ya mvua chache tu kivuko kimeshabadilika.

Hilo nililiona kwa macho baada ya Karakata, nikiwa njiani kuelekea Gongo la Mboto. Barabara ya vumbi inapanda tuta, inakata vyuma, inateremka upande wa pili kwenye maduka. Pembeni kuna kibanda cha mlinzi kisicho na mlango wala dirisha, na ndani yake magunia ya mkaa yamepangwa hadi darini. Nguzo ya geti bado imesimama kwenye zege lake, lakini mkono wake haupo juu yake. Niliukuta hatua kumi kutoka hapo, mweupe kwa mwekundu, umefungwa kwa kamba baina ya miti miwili, na turubai la mama lishe limetandazwa juu yake. Sikumlaumu hata kidogo. Chuma kilikuwa chini, yeye alihitaji kivuli, na watu wanahitaji kula.

Kilichonitisha ni bango. Mita mia moja hivi kabla ya reli, pande zote mbili za barabara, limesimama bango la pembetatu lenye picha ya geti. Rangi bado nzuri, nguzo imenyooka. Kila aliyepita chuo cha udereva anajua maana yake: mbele kuna kivuko cha reli chenye kizuizi. Lipo bango jingine, lenye picha ya treni, kwa kivuko kisicho na kizuizi. Mabango haya mawili hayasemi kitu kimoja. La pili linamwambia dereva ajilinde mwenyewe. La kwanza linamwambia kwamba yupo anayemlinda.

Nilikuwa nakula wali na maharage chini ya turubai lile niliposikia honi, mbali, upande wa Pugu. Mama lishe hakunyanyua kichwa. Honi ya pili ilikuja karibu zaidi, nikaona moshi wa kichwa cha treni juu ya mapaa. Pikapu iliyobeba matofali ilikuwa inapanda tuta polepole, redio imefunguliwa. Dereva aliona treni wakati magurudumu yake ya mbele yameshagusa kokoto za reli. Alikanyaga breki, matofali mawili yakadondoka nyuma, akarudi kinyumenyume huku vijana wanampigia kelele. Treni ilipita na matangi ya mafuta, moja baada ya jingine, na ardhi ikatetemeka hadi maji yakayumba kwenye glasi yangu.

Nilimfuata dereva wa pikapu. Alikuwa mtu mzima, mikono bado imeshika usukani ingawa gari limezimwa. Nikampa pole, naye akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Kaka, mimi niliangalia geti. Sikuona limeshuka."

Hakuwa mzembe. Alisoma bango, akatafuta geti lililoshushwa, hakuliona, akahesabu kwamba njia ni nyeupe. Geti lisilokuwepo na geti lililo wazi, kwa dereva anayekuja, vinafanana. Bango lile lingekuwa limeng'olewa siku mkono wa geti ulipovunjika, angeshusha kioo na kusikiliza. Kwa sababu hiyo nasema bila kusita kwamba bango linaloahidi ulinzi usiokuwepo ni baya kuliko kukosa bango kabisa. Treni ya mizigo iliyojaa huhitaji mamia ya mita, na mara nyingine zaidi ya kilomita, hadi isimame. Dereva wa treni akikuona, mmeshachelewa, wewe na yeye pia.

Tumeshaona matokeo yake mikoani. Juni 2018, pale Gungu mjini Kigoma, basi na treni viligongana kwenye makutano ya barabara na reli, na watu kumi wakafariki. Novemba 2022 ilikuwa zamu ya Manyoni, mkoani Singida, na huko nako waliokufa walizidi kumi. Kila ajali ina chanzo chake na wachunguzi wake. Ninachosema mimi ni kwamba kivuko cha reli si mahali pa kuacha mambo nusunusu.

Nilifika Pugu alasiri. Wengi wanapajua kwa shule ambako Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili ajitoe kwa siasa za uhuru. Wachache wanajua kwamba ndani ya vilima hivi, katika msitu wa hifadhi, lipo handaki la zamani la reli ya Wajerumani ambalo njia yake iliachwa, treni zikahamishiwa kwingine. Vyuma viling'olewa, miti ikaota, na leo watu hulitembelea kwa miguu. Nalitaja kwa sababu linaonyesha namna reli inavyostaafu kwa heshima. Hakuna bango linalomdanganya mtu pale, na hakuna anayeweza kugongwa.

Kesho yake nilipanda treni ya umeme kutoka Pugu. Nauli ya treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro nzima ilipangwa shilingi 13,000, na mimi nilikuwa nateremka Ruvu, kwa hiyo gharama ilikuwa ndogo. Treni iliondoka bila mtikisiko. Nilikaa dirishani upande ilipo reli ya zamani, nikaona kile nilichokuwa nikikizunguka kwa miguu: uzio wa waya, mrefu, haukatiki, unafuatana na reli mpya porini na vijijini. Ng'ambo ya uzio, mara karibu mara mbali, vinaonekana vyuma vyekundu kwa kutu pembeni na vyeupe juu. Ule weupe ni muhimu. Chuma cha reli kisichopitiwa hushika kutu hadi kichwani. Kinachong'aa juu kimepitiwa na gurudumu siku za karibuni. Mtu yeyote anayetaka kujua kama reli ya zamani imekufa, atazame kichwa cha chuma.

Uzio ule una sababu nzito na siupingi. Treni hizi zimesanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Mtu anayevuka tuta kwa mwendo wa kawaida akitumia sekunde nane, treni imeshakata mita 350. Juu kuna waya wa volti 25,000. Reli ya namna hii haikutani na barabara kabisa. Barabara hupita juu yake kwa daraja au chini yake kwa kivuko cha zege. Hapo ndipo ramani ya vijiji ilipobadilika. Njia ya miguu iliyokwenda moja kwa moja kutoka nyumbani hadi kisimani au shuleni sasa inafika kwenye waya, inakunja, inafuata waya hadi kwenye kivuko cha chini, kisha inarudi.

Ruvu niliteremka na abiria wachache. Reli ya zamani nayo ina stesheni yake hapa, na ni hapa inapochepuka njia, iliyokamilika mwaka 1963, ya kwenda Mnyusi kuungana na reli ya Tanga. Nilimpata mzee mmoja aliyekubali tutembee wote. Alinipeleka mahali ambapo barabara ya kifusi ilikuwa inakata reli zamani. Kivuko bado kipo, kizima kabisa. Mbao nene za mataruma zimelazwa kati ya vyuma ili magurudumu ya gari yapite bila kukwama, na msalaba wa chuma wa kuonya umesimama, mweupe uliopauka. Ukivuka, unatembea hatua kadhaa kwenye nyasi zinazofika kiunoni, halafu unakutana na uzio wa SGR. Barabara imeishia hapo. Imehamishwa, inapita chini ya reli mpya kwenye kivuko cha zege, mbali kidogo.

"Sasa hapa anapita nani?" nilimuuliza.

"Wote," alisema mzee. "Mvua zikinyesha, kule chini panajaa maji. Watoto wanarudi huku."

Alinionyesha kwa fimbo. Chini ya uzio, waya ulikuwa umekatwa na kukunjwa kwa ndani, uwazi wa kutosha mtoto mwenye begi la shule mgongoni. Udongo ulikuwa umelainika kwa kupitiwa. Pembeni kulikuwa na vizuizi vya zege vilivyobaki kutoka siku za ujenzi, vimelala ubavu, na mbuzi walikuwa juu yake. Mzee alisema uwazi ule hufungwa, kisha hukatwa tena. Waya wenyewe una bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na hao hawaulizi umetoka wapi. Hilo ni kosa la wanakijiji na mzee hakulificha. "Wanetu wenyewe wanakata," alisema, "halafu wajukuu zetu ndio wanapita."

Nilisimama pale kwa muda mrefu kwa sababu mambo yote mawili niliyoyaona njiani yalikuwa yamekutana sehemu moja. Kivuko cha zamani kinamvuta mtu kwa sababu bado kina sura ya njia. Kinamvusha reli moja ambayo bado ina treni, kisha kinamkabidhi kwa uzio wa reli nyingine ambayo treni yake haisikiki hadi imefika. Kama mbao zile zingeng'olewa, na nyasi zikaachwa zifunike tuta, na kile kivuko cha chini kikawekewa mfereji wa kutoa maji, hakuna mtoto ambaye angeona sababu ya kupita huku.

Tatizo, kwa jinsi nilivyoelewa kutokana na watu niliozungumza nao, ni la mipaka zaidi kuliko la fedha. Lami ni ya mwenye barabara. Vyuma ni vya mwenye reli. Njia ya miguu ni ya kijiji au mtaa. Mkandarasi aliajiriwa kujenga kipya, na mkataba wake unahesabu madaraja na nguzo. Kufuta cha zamani hakuonekani kwenye picha ya uzinduzi, na hakuna anayepandishwa cheo kwa kung'oa bango. Kwa hiyo kila upande unangoja mwingine, na geti linabaki turubai la mama lishe.

Nimerudi nikiwa na msimamo mmoja. Kivuko kinachobaki kipewe mtu na bendera, mfereji wake usafishwe, geti lifanye kazi. Kisichohitajika kiondolewe mpaka alama ya mwisho: mbao, lami, nguzo na bango, kisha njia ielekezwe kule inakotakiwa kwenda, na huko kuwe kukavu hata masika. Cha katikati ya hayo mawili kisiwepo.

Mwenyekiti wa mtaa au kijiji chochote kandokando ya njia hii anaweza kuanza wiki hii bila kungoja bajeti ya mtu. Apite na wajumbe wake, waorodheshe kila bango lenye picha ya geti pasipo na geti, wapige picha, waandike barua kwa wenye reli na nakala kwa wenye barabara, wadai bango libadilishwe. Na wewe unayeendesha pikapu, bajaji au bodaboda, ukifika kwenye vyuma vile usimtafute mlinzi wala mkono wa geti. Simama, zima redio, tazama pande zote mbili, ndipo uvuke.